Ukiagiza gari jipya, patana yote kabla ya kutoa arabuni

MFANYABIASHARA anayekwenda kwa wakala kununua gari jipya hukuta moja kati ya mambo mawili. Ama gari lipo uwanjani, limeoshwa na linang'aa, na kilichobaki ni kulipa na kuondoka nalo. Ama gari analolitaka halipo, na itabidi liagizwe kiwandani kwa vipimo vyake: injini hii, gia hizi, rangi hii, springi ngumu za kubebea mzigo, tenki la pili la mafuta.

Njia hiyo ya pili ina faida yake. Mnunuzi hupata chombo kinachofanana na kazi yake, wala halipii mapambo asiyoyahitaji. Lakini ndiyo njia ambamo wenye mitaji midogo hupoteza fedha nyingi, na mara nyingi hawazipotezi kwenye bei. Wanazipoteza katika yale ambayo hawakuyataja siku ya kusaini fomu ya oda.

Sababu yake ni rahisi. Kabla ya kutoa arabuni, mnunuzi ndiye anayebembelezwa. Akishaitoa, mambo hugeuka. Fedha yake iko kwa wakala, gari liko kiwandani au baharini, na kila anachokiomba baada ya hapo ni fadhila. Kwa hiyo mapatano yote, makubwa kwa madogo, yanapaswa kumalizika kabla ya stakabadhi ya kwanza kuandikwa.

Mazoea ya foleni

Wanunuzi wengi wa Tanzania hawana desturi ya kupatana na muuzaji wa gari jipya. Mtu yule yule anayeweza kubishana nusu saa juu ya bei ya shuka pale Kariakoo, akiingia kwenye ofisi ya wakala yenye kiyoyozi huuliza bei mara moja tu, akaipokea kama ilivyo.

Mazoea hayo yana historia. Kwa miaka mingi uagizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa shirika la umma la State Motor Corporation. Fedha za kigeni zilikuwa haba, gari lilipatikana kwa kibali, na aliyepata alihesabiwa kuwa amepewa, si kwamba amenunua. Mwaka 1984 Serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, mlango ulianza kufunguka, na soko huria lililofuata liliumaliza ukiritimba huo. Foleni ya kibali ilikwisha, lakini unyenyekevu wake bado uko vichwani.

Msomaji na aelewe kwamba wakala ni mfanyabiashara kama yeye. Ana faida yake katika bei ya gari, ana faida nyingine katika vifaa vya nyongeza, nyingine katika vipuri na matengenezo ya miaka inayokuja, na pengine kamisheni kutoka kwa kampuni ya bima au benki anayokuelekeza. Anaweza kukataa kushuka upande mmoja akakubali upande mwingine. Kazi ya mnunuzi ni kujua upande upi una nafasi.

Magari ya aina tatu

Jambo la kwanza la kumuuliza wakala ni kama gari mnalolizungumzia liko uwanjani, liko njiani, au halijaundwa. Kila moja lina mapatano yake.

Gari lililoko uwanjani limefunga mtaji wa wakala. Tuchukue mfano wa gari la shilingi milioni 100 lililonunuliwa kwa mkopo wa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Likikaa uwanjani miezi mitano, riba yake peke yake ni shilingi milioni 7.5. Wakala mwenye gari la namna hiyo ana sababu ya kushuka bei, hasa karibu na mwisho wa mwezi au mwisho wa mwaka wa hesabu zake, anapotafuta kutimiza idadi ya mauzo aliyopangiwa.

Gari lililoko njiani limeshaundwa. Injini na gia zake hazibadiliki tena, na kinachoweza kuongezwa ni vifaa vya kufungwa hapa nchini. Mnunuzi asikubali kuuziwa gari la njiani kwa maneno kwamba ni oda yake maalumu. Njia ya kujua ni kuomba namba ya chesisi. Gari lenye namba ya chesisi ni gari lililokwisha kuzaliwa.

Gari ambalo halijaundwa ndilo oda yenyewe. Hapa wakala atasema hawezi kupunguza kwa kuwa gari limetengenezwa kwa ajili yako tu. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba ukimkimbia atabaki na chombo ambacho huenda wengine hawakitaki. Lakini ni kweli pia kwamba gari hilo halitakaa uwanjani kwake hata wiki mbili, na sehemu ya mtaji wa kuliagiza imetoka mfukoni mwako. Ile milioni 7.5 ya mfano wetu hataitumia. Mnunuzi ana haki ya kudai sehemu ya akiba hiyo, ama kwa bei, ama kwa huduma za bure za kilomita za mwanzo, ama kwa tairi za akiba.

Palipo na wakala mmoja tu wa chapa fulani, kushindanisha mawakala wa chapa ile ile hakuwezekani. Shindanisha chapa. Andika vipimo vya kazi yako kwenye karatasi moja, ipeleke kwa mawakala watatu wa chapa tatu, na uombe ankara ya makadirio, ile wanayoiita proforma, kutoka kwa kila mmoja. Bei zinazojibu karatasi moja ndizo zinazolinganishika.

Nyongeza ya milioni moja huwa milioni ngapi?

Wengi huongeza vifaa kwenye oda kama mtu anayeongeza sukari kwenye chai. Hawajui kwamba kila kinachofungwa kiwandani kinaingia katika thamani ya gari bandarini, na thamani hiyo ndiyo inayotozwa kodi, moja juu ya nyingine.

Tuchukue gari dogo la abiria lenye injini ya zaidi ya sentimita za ujazo 2,000, ambalo thamani yake pamoja na nauli ya meli na bima hadi Dar es Salaam ni shilingi milioni 60. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki wa asilimia 25 ni milioni 15, na jumla inafika milioni 75. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 unatozwa juu ya hiyo milioni 75, yaani milioni 7.5, na jumla inakuwa milioni 82.5. Kisha kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 18 inatozwa juu ya yote hayo, nayo ni milioni 14.85. Gari la milioni 60 limekuwa la milioni 97.35, kabla ya tozo ya reli, ada za forodha, usajili na faida ya wakala.

Kwa hesabu hiyo hiyo, kifaa cha milioni moja kilichofungwa kiwandani kinakufikia kwa shilingi 1,622,500. Injini ya kati ya sentimita za ujazo 1,000 na 2,000 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 badala ya 10, kwa hiyo ukubwa wa injini nao ni jambo la kufikiri kabla ya kuandika oda. Malori yana viwango vyake, na viwango hubadilika kwa bajeti za kila mwaka. Mnunuzi amwombe wakala mchanganuo wa kodi, mstari kwa mstari, wala asikubali jumla moja iliyofungwa.

Je, vifaa vyote vifungwe mjini? Hapana. Kifaa cha dukani nacho kilishalipiwa ushuru kilipoingia, ingawa una uhuru wa kuulizia maduka kumi kabla ya kununua. Kanuni inayofaa ni hii: kinachogusa injini, gia, ekseli, breki au nyaya za umeme kiagizwe kiwandani, kwani fundi wa nje akivigusa wakala anaweza kukana dhamana. Keria, vifuniko vya viti, mazulia, turubai na vyuma vya kulinda taa vinaweza kungoja. Kama wakala anataka kukuuzia hivyo pia, hapo ndipo penye nafasi ya kumwambia avitoe kama punguzo.

Mfanyabiashara aliyesajiliwa VAT akumbuke jambo moja zaidi. Kodi aliyolipia lori la kazi anaweza kuidai katika marejesho yake, lakini kodi ya gari dogo la abiria kwa kawaida haidaiki, isipokuwa kwa mtu ambaye biashara yake ni kuuza au kukodisha magari hayo. Tofauti hiyo peke yake inaweza kuamua uagize gari la namna gani.

Nani abebe dola?

Kuanzia tarehe 28 Machi 2025, kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zimepiga marufuku kutangaza bei na kudai malipo kwa fedha za kigeni ndani ya Tanzania. Bei ya wakala sasa huandikwa kwa shilingi. Lakini wakala bado anakilipa kiwanda kwa dola au yeni, na hatari ya kubadilika kwa thamani ya fedha haikuondoka kwa sababu ya kanuni. Mara nyingi imejificha katika sentensi moja chini ya ankara, inayosema kuwa bei inaweza kubadilika kulingana na hali ya soko siku ya kukabidhi gari.

Uzito wa sentensi hiyo unaonekana vizuri kwa jirani zetu wa Kenya. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja iliuzwa huko kwa shilingi 123 hivi. Mwisho wa mwaka huo ilikuwa karibu na shilingi 156. Mtu aliyekuwa amebakiza dola 28,000 za gari lake alijikuta anahitaji shilingi 924,000 za Kenya zaidi, bila gari kuongezeka hata taa moja. Ikafika Januari 2024, dola ikapita shilingi 160, kisha ikaporomoka hadi karibu 130 ilipofika Aprili. Safari hii aliyeumia ni yule aliyekwisha kufunga bei yake kwa shilingi wakati dola iko 160. Kwa salio lile lile la dola 28,000, alilipa shilingi 840,000 zaidi ya mwenzake aliyengoja.

Funzo lake ni kwamba hakuna anayejua dola itaelekea wapi, na mwenye mtaji mdogo asicheze bahati nasibu kwa gari la kazi. Mapatano ya haki ni kugawana hatari. Taja kwenye oda kiwango cha fedha kilichotumika kupiga bei. Kubaliana kwamba kikipanda au kushuka ndani ya asilimia 3, bei haiguswi. Kikivuka hapo, kila upande ubebe nusu, na mlango wa kushuka uwe wazi sawa na wa kupanda. Wakala anayekubali bei ipande na dola lakini anakataa ishuke nayo amekwisha kukuambia yeye ni mtu wa namna gani.

Mwezi wa kungoja una bei yake

Hakuna kinachoahidiwa kwa wepesi kama tarehe ya kufika gari, na hata wakubwa hawakuwa salama. Januari 2022 kampuni ya Toyota iliwaarifu wateja wa Japani kwamba anayeagiza Land Cruiser mpya, iliyotoka Agosti 2021, angeweza kungoja hadi miaka minne. Ilipofika Julai mwaka huo upokeaji wa oda ulisimamishwa. Gari lilitafutwa sana hata wanunuzi wakatakiwa kuahidi kwa maandishi kutoliuza tena katika mwaka wa kwanza. Ikiwa Mjapani nyumbani kwake anangoja, mnunuzi wa Dodoma au Mbeya asiamini neno "miezi mitatu" lisilo na saini.

Kungoja kunagharimu. Chukua arabuni ya shilingi milioni 30 iliyokopwa benki kwa riba ya asilimia 18. Kila mwezi riba yake ni shilingi 450,000. Kwa miezi minne ya kawaida ni milioni 1.8, na hiyo ihesabiwe tangu mwanzo kuwa sehemu ya bei ya gari. Mwezi wa tano, wa sita na wa saba, ikiwa kosa si lako, usiulipie wewe. Andika tarehe ya mwisho ya kukabidhi, fidia ya kila mwezi unaozidi, na tarehe ambayo ikipita unaweza kudai arabuni yako yote bila kukatwa. Wakala atapinga fidia. Huenda mkaishia kwenye nusu yake. Haki ya kurudishiwa arabuni, hata hivyo, usiiachie.

Aidha, arabuni yenyewe inapatanika. Kiwango kinachotajwa na karani wa mauzo si amri. Anayeagiza gari la kawaida, ambalo wakala anaweza kumuuzia mtu mwingine kesho, ana haki ya kutoa kidogo kuliko anayeagiza chombo cha ajabu. Malipo pia yanaweza kugawanywa: sehemu siku ya oda, sehemu ikitolewa namba ya chesisi na hati ya meli, na salio gari likishakaguliwa.

Lori na bodi yake

Kwa wengi wa wasomaji wa ukurasa huu, gari la oda si la kutembelea bali ni lori dogo linalouzwa kichwa na chesisi, kisha bodi hujengwa hapa nchini. Hapo zipo oda mbili, na ya pili husahauliwa.

Tuseme lori limeidhinishwa kuwa na uzito wa jumla wa kilo 8,000. Kichwa na chesisi ni kilo 2,600. Bodi ikiwa kilo 1,400, unabaki na tani nne za mzigo. Fundi akiongeza vyuma vya kilo 300 ili bodi "ikae imara", kilo hizo zimetolewa kwenye mzigo wako: gunia tatu za mahindi za kilo mia mia kila safari. Kwa safari 100 kwa mwaka ni gunia 300. Ukijifanya huoni ukazipakia hivyo hivyo, springi na breki zitalipa, na mizani nayo haitasahau. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inaweka kikomo cha tani 8 kwa ekseli ya mbele ya usukani na tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi nne.

Kwa hiyo oda ya bodi iandikwe urefu, upana, unene wa bati na uzito wa mwisho, na lori lipimwe mizani kabla ya salio la fundi kulipwa. Mwulize pia wakala, kabla ya kuagiza, ni wapi kiwanda kinaruhusu chesisi kutobolewa au kuchomelewa. Jibu lake liwe la maandishi, kwa sababu siku chesisi itakapopasuka kila mmoja atamwelekezea mwenzake kidole.

Sheria humsaidia anayesema

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ambayo imejengwa juu ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, inamlinda anayenunua kwa maelezo: bidhaa ni lazima ilingane na maelezo iliyouzwa nayo. Inamlinda pia mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa na akaonyesha kwamba anautegemea ujuzi wake. Lakini anayetaja jina la biashara tu, "nipe aina fulani, namba fulani", hupunguza ulinzi huo wa pili, kwani amejichagulia mwenyewe.

Tafsiri yake kwa mfanyabiashara ni nyepesi. Barua ya oda isianze na jina la gari. Ianze na kazi: nitabeba tani nne za mahindi, barabara ya vumbi, milima, safari mbili kwa wiki, nashaurika gari gani? Wakala akijibu kwa barua kwamba aina fulani inafaa, jibu hilo ni mali. Lihifadhiwe pamoja na kadi ya gari.

Siku ya kusaini

Fomu ya oda isomwe nyumbani, si mezani kwa karani. Ihakikishwe kuwa ina aina kamili ya gari na mwaka wa kutengenezwa, vifaa vyote kimoja kimoja, bei na mchanganuo wa kodi, kiwango cha fedha na namna ya kugawana mabadiliko yake, tarehe ya kukabidhi na fidia, masharti ya kurudishiwa arabuni, muda wa dhamana na mahali pa kuipata nje ya Dar es Salaam. Kila ahadi iliyotolewa kwa mdomo iandikwe. Karani akisema haina haja kuandikwa kwa kuwa wanaaminiana, mwambie kwa upole kwamba kwa kuwa mnaaminiana, kuiandika hakutamsumbua.

Gari litakapofika, chukua fomu hiyo na fundi wako, mlikague kwa kila mstari kabla ya kulipa salio. Linganisha namba za chesisi na injini na zile za hati. Kinachokosekana kikosekane mbele ya macho yenu wote wawili, wakati salio lingali mfukoni mwako. Baada ya hapo funguo ni zako, na maneno yenu yote ya nyuma yatakuwa yale tu yaliyomo kwenye karatasi.